Kabla Mpira Haujaondoka: Nani Lainibeka Bora wa Iowa?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya familia za wazungumzaji wa Kiswahili mjini Iowa City, Jumamosi moja kabla ya msimu wa mpira wa Kimarekani kuanza)

Wazee wangu, kina mama, kina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa chini huku mbele, hamjambo? Watoto nimewasikia. Wazee je, hamjambo? Haya, ahsanteni.

Mwenyekiti aliniomba nitafute neno litakalowakutanisha wazazi na vijana. Nimekuja na ubishi. Wiki mbili zilizopita, tulipotoka msibani, niliwakuta vijana wetu sita au saba nje kwenye maegesho ya magari wanabishana mpaka mishipa ya shingo imesimama. Nikasogea nikidhani ni ugomvi. Kumbe wanabishania lainibeka bora kuliko wote katika historia ya Hawkeyes, timu ya Chuo Kikuu cha Iowa. Na baba zao walikuwa hatua tano tu kutoka pale, wamesimama na funguo mikononi, wanangoja waondoke. Hakuna aliyeuliza neno. Iliniuma, kwa sababu ubishi ule tunaujua. Ni wetu.

Nani hapa ametoka Lubumbashi? Nyosheni mikono. Mnaona! Sasa niambieni, kati ya Kazadi na Kidiaba, kipa bora wa Mazembe ni nani? Mnaona kelele zinavyoanza? Wazee wanataja Kazadi Mwamba, kipa wa enzi zile Mazembe ikiitwa Englebert, timu iliyochukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Vijana wanataja Kidiaba, aliyeuchukua mwaka 2009 na 2010, kisha akasimama golini Abu Dhabi kwenye fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter. Mzee atamwambia kijana, wewe hukumwona Kazadi. Kijana atajibu, na wewe Kazadi wako hakufika fainali ya dunia. Usiku unaingia, chai inapoa, hakuna anayeondoka. Basi vijana wetu kule nje walikuwa wanafanya hayo hayo, isipokuwa majina yao ni ya hapa tunapoishi.

Kwa hiyo leo na mimi naingia. Nitasema wangu ni nani na kwa nini. Lakini kwanza mama zangu waelewe tunamzungumzia mtu wa namna gani.

Niazimeni viti vinne. Viweke hapa, mwanangu, sambamba, vituangalie sisi. Hawa ni mstari wa mbele wa ulinzi, majitu ya zaidi ya kilo mia, kazi yao kusukumana. Mbele yao, uso kwa uso, kuna mstari wa washambuliaji, majitu vilevile. Nyuma ya washambuliaji yuko kwotabeki, yule anayeushika mpira kwanza na kuamua aurushe au amkabidhi mkimbiaji. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizipata, inaanza upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kwa kawaida jaribio la nne hawathubutu, wanaupiga mpira mbali kwa mguu. Kwa hiyo jaribio la tatu ndilo la roho mkononi.

Sasa lainibeka. Anasimama hapa, nyuma ya viti hivi, hatua nne au tano, magoti yamekunjwa, mikono inaning'inia. Hapa Iowa wana majina ya nafasi zao: Mike wa katikati, Will wa upande mmoja, Leo wa upande mwingine. Ukitaka kumwelewa kwa lugha ya soka, ni kiungo mkabaji. Mkimbiaji akipenya, ni wake. Pasi fupi ikirushwa katikati, ni yake. Kwotabeki akichelewa, amfuate. Na yote hayo lazima ayaamue kabla wengine hawajajua mpira unakwenda wapi, kwa sababu akingoja auone ndipo asogee, amechelewa. Anasoma magoti ya jitu lililo mbele yake, uzito umeegemea wapi. Anasoma macho ya mkimbiaji. Ndiyo maana nasema ukuu wa lainibeka uko katika ile nusu sekunde kabla mpira haujaondoka. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mimi nilifundishwa haya na mzee mmoja Mmarekani, mkulima aliyeuza ng'ombe wake akaja kufanya kazi na sisi kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Nilifika Iowa mwaka 2011 na Kiingereza cha kuombea maji tu. Wakati wa mapumziko mzee huyo alikuwa anamwaga chumvi kidogo juu ya meza ya kantini, anaitandaza kwa kiganja, kisha anachora kwa kidole. Misalaba ilikuwa ulinzi, duara zilikuwa washambuliaji. Anagonga msalaba mmoja mara mbili, ananitazama, anasema jina: Station. Kila usiku lazima afike hapo. Usiku mwingine chumvi ilikuwa haijatosha, akachora kwa sukari.

Sasa tuwasikilize vijana kwanza, maana wana hoja.

Kuna wanaosema Jack Campbell. Sibishi kwamba ni mkubwa. Ni mtoto wa Cedar Falls, hapa hapa Iowa, urefu wake futi sita na inchi tano, na mwaka 2022 alikuwa Hawkeye wa kwanza kushinda tuzo ya Butkus, inayotolewa kwa lainibeka bora wa vyuo nchi nzima. Mwaka huo huo akachukua na Campbell Trophy, ambayo haitolewi kwa mpira peke yake, wanatazama na masomo na mwenendo. Vijana, hilo la masomo msiliruke mkiwasimulia mama zenu. Mwaka 2023 Detroit Lions, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, wakamchagua wa 18 katika nchi nzima.

Wengine wanasema Jay Higgins, kijana wa Indianapolis. Mwaka 2023 aliangusha watu mara 171, sawa na rekodi ya chuo ya msimu mmoja. Mwaka 2024 akawa All-American, yaani mmoja wa wachezaji bora wa vyuo nchi nzima. Halafu siku za NFL kuchagua wachezaji zikapita raundi zote saba, jina lake halikuitwa. Ikabidi ajiunge na Baltimore Ravens kwa mlango wa wasiochaguliwa. Kuna kijana pale nje aliyesema hiyo ni dalili kwamba hakuwa bora. Nakataa kabisa. NFL inanunua mwili wa kesho: urefu, mbio, umri. Sisi tunauliza ulifanya nini ukiwa umevaa nyeusi na dhahabu pale Kinnick, uwanja wa Iowa. Hayo ni maswali mawili, na mtu anayeyachanganya atabisha mpaka Krismasi bila kufika popote.

Tukiwa bado kwenye hiyo 171, kuna jina ambalo sikulisikia kabisa kule kwenye maegesho. Rekodi hiyo aliyoifikia Higgins iliwekwa na Andre Jackson mwaka 1972. Higgins alicheza msimu wa mechi 14, na timu ilishinda 10. Jackson alikuwa na mechi 11 tu, tena katika timu iliyoshinda tatu. Mtu atasema, timu mbovu ulinzi wake hautoki uwanjani, kwa hiyo nafasi za kuangusha ni nyingi. Ni kweli. Lakini fikirini kijana anayeingia kila Jumamosi akijua wanakwenda kufungwa, na kila mpira ukianza anakimbia vilevile. Mimi jina lake sitaki lipotee, nimelitaja mbele ya watu.

Na kuna Josey Jewell. Huyu ndiye anayenisumbua usingizi katika hesabu yangu. Amekulia shambani karibu na Decorah, kaskazini mashariki mwa jimbo letu. Vyuo vikubwa havikumtaka. Iowa peke yake ndiyo iliyomfungulia mlango, tena dakika za mwisho. Akaondoka akiwa All-American mwaka 2017. Mwaka huo aliumia bega akakosa mechi moja, ya Northwestern, na Iowa wakafungwa 17 kwa 10 katika muda wa nyongeza. Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Novemba, walikuja Ohio State.

Hiyo mechi nilikuwepo. Yule mzee wa chumvi alinipa tiketi ya mwanawe aliyekuwa safarini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia Kinnick. Mchezo wa kwanza kabisa kwotabeki wao anarusha, Amani Hooker wa Iowa anaunyaka anakimbia nao mpaka mwisho, watu wananimwagia kahawa kwa furaha. Robo ya kwanza ilipoisha, uwanja mzima ukageuka, mgongo kwa uwanja, ukaanza kupunga mikono kuelekea hospitali ya watoto iliyo ng'ambo ya barabara. Desturi hiyo ilianza msimu ule ule. Watoto wagonjwa wako juu kule madirishani, wanapunga. Mzee alivua kofia. Nami nikapunga, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia, kwa sababu niliwahi kukaa na mtoto wangu katika dirisha la hospitali nchi nyingine, na hakuna aliyetupungia.

Nikarudi kumtazama Jewell. Mzee aliniambia, mpira usiutazame, mtazame nambari 43. Nikafanya hivyo robo mbili nzima. Kila kabla ya mchezo alikuwa anaongea. Anamwita huyu asogee kulia, anamsukuma yule kwa kiganja mgongoni, ananyosha kidole mahali ambapo hakuna mtu bado. Kisha kweli mtu anakwenda pale pale. Iowa walishinda 55 kwa 24, na mimi nilitoka nimeelewa kwa macho kile nilichochorewa kwenye chumvi miaka sita.

Chad Greenway na Abdul Hodge nitawataja pamoja, na atakayewatenganisha ana moyo mgumu. Hao ni Kurwa na Doto. Mmoja wa kijiji cha Mount Vernon, South Dakota, ambako shule ni ndogo hata mpira wao ulichezwa na watu tisa kila upande. Mwingine wa Fort Lauderdale, Florida, mtoto wa joto na bahari. Walisimama bega kwa bega, na mwaka 2005 Hodge akaangusha 158, Greenway 156. Tofauti ya mbili! Greenway akaenda kucheza Minnesota Vikings kwa miaka mingi, magoti ya Hodge yakamwangusha mapema. Pale Kinnick walikuwa sawa, na mimi naona kila mmoja alikuwa bora kwa sababu ya mwenzake. Hapo ndipo ninaposhindwa kumpa mmoja taji.

Sasa wazee wa hoja nzito watasema: Tippett. Nasikia mzee wangu pale nyuma ameshaanza kukohoa. Andre Tippett wa Newark, New Jersey, nahodha wa hofu katika ile timu ya 1981 iliyomrudisha Iowa Rose Bowl, ile mechi kubwa ya mwaka mpya, chini ya kocha Hayden Fry. Kwotabeki walikuwa wanakimbia kabla hajawafikia. Huyu mwaka 2008 aliingia katika Jumba la Heshima la mpira wa kulipwa kule Canton, Ohio. Kwa mwili na kwa maisha yote ya mpira, hakuna aliyevaa jezi ya Iowa katika orodha hii aliyefika alipofika yeye. Nakubali bila kung'ang'aniwa.

Lakini hapa Iowa Tippett aliandikwa mtu wa pembeni wa mstari wa ulinzi. Ulainibeka wake unaosifiwa Canton ni wa New England Patriots. Mzee wangu atasema nafasi ni jina tu, kazi ni ile ile. Mimi nasema hapana, si ile ile. Yule wa pembeni anaanzia kwenye mstari, adui yuko puani pake, anaambiwa nenda kamchukue. Yule wa katikati anaanzia nyuma, anaambiwa kwanza elewa. Na mimi leo nabishania kuelewa. Kwa hiyo Tippett nampa kiti cha mbele cha heshima, lakini katika mbio hizi simwingizi.

Basi niwaite vijana wanne wasimame nyuma ya viti hivi. Wewe wa fulana ya njano, njoo katikati, rudi nyuma kidogo. Leo wewe ni Larry Station.

Tarehe 19 Oktoba 1985. Iowa ni namba moja nchi nzima. Michigan, ya kocha Bo Schembechler, ni namba mbili. Wanakutana hapa mjini, Kinnick. Iowa wamezunguka uwanja mzima, wameshambulia siku nzima, na bado kila wakikaribia wanaishia kupiga teke la pointi tatu. Mara tatu, pointi tisa. Michigan wana kumi. Robo ya nne inakatika. Mpira wanao Michigan, nao hawahitaji pointi. Wanahitaji muda ukatike tu. Wakipata yadi mbili zaidi, saa itawamalizia kazi.

Jaribio la tatu. Yadi mbili. Mama zangu, yadi mbili ni kutoka hapa nilipo mpaka kwenye sufuria ile.

Kila mtu uwanjani anajua watakimbia nao. Swali ni wapi: kulia, kushoto, katikati? Station hakuwa mrefu, hata futi sita hazikutimia. Kijana wa Omaha, Nebraska, jimbo ambalo lenyewe lina mpira mkubwa, akavuka mto akaja Iowa. Anasimama hapa. Mwanangu, kunja magoti. Hivyo. Usitazame mpira.

Mpira unaondoka, na Station ameshaondoka. Mwanangu, pita hapa katikati ya kiti cha pili na cha tatu. Haraka! Umeona? Hao wa mstari wa Michigan ndio kwanza wananyanyuka kumtafuta mtu wa kumzuia, na mtu hayupo tena pale. Yuko nyuma yao. Mkimbiaji Jamie Morris anapokea mpira, anainua macho atafute njia, na mbele yake kuna kifua. Akaangushwa yadi mbili nyuma ya mstari. Walihitaji kusogea mbili, wamerudi mbili.

Michigan wakaupiga mpira mbali. Chuck Long, kwotabeki wa Iowa, akaisogeza timu uwanja mzima kidogo kidogo, na saa ilipobakiza mchezo mmoja Rob Houghtlin akapiga teke la yadi 29. Saa ikaisha mpira ukiwa hewani. Iowa 12, Michigan 10. Wengi wanaomkumbuka siku ile humkumbuka Houghtlin, na ni haki yake, pointi zote kumi na mbili zilitoka mguuni kwake. Mzee wangu wa chumvi hakuwahi hata usiku mmoja kuchora teke lile. Alichora ule mwanya.

Si kwamba nimemchagua kwa mchezo mmoja. Station aliongoza timu kwa kuangusha watu miaka yote minne, 1982 mpaka 1985, na hakuna Hawkeye mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Alipoondoka alikuwa na 492. Imepita miaka arobaini, misimu imeongezwa mechi, Jewell kaja kapita, Higgins kaja kapita, na hakuna aliyeifikia. Alikuwa All-American aliyekubaliwa na wachaguzi wengi mara mbili, 1984 na 1985. Ile tuzo ya Butkus ilianza kutolewa mwaka 1985, msimu wake wa mwisho, na wakampa Brian Bosworth wa Oklahoma. Kwa hiyo anayenipimia kwa Butkus ajue Station alipata nafasi moja tu ya kuigombea.

Na haki niitende kwa pande zote, vijana wasije kunikamata nje. Msimu ule haukuisha vizuri. Wiki mbili tu baada ya Michigan, Iowa walikwenda Columbus wakafungwa na Ohio State 22 kwa 13, na aliyewaharibia ni lainibeka vilevile, Chris Spielman, aliyemnyaka Chuck Long pasi mbili. Mwaka mpya 1986 wakafungwa na UCLA kwenye Rose Bowl, 45 kwa 28. Station akachaguliwa na Pittsburgh Steelers raundi ya 11, mgongo ukamkatalia, mpira wake ukaishia hapo. Hakuna miaka kumi ya NFL ya kuongezea sifa. Yote aliyokuwa nayo yako hapa, kilomita chache kutoka kwenye ukumbi huu. Mwaka 2009 Jumba la Heshima la mpira wa vyuo lilimwingiza, na mimi naona lilichelewa.

Yule mzee alistaafu, kisha mwaka juzi tukamzika. Mimi na wenzangu watatu wa zamu ya usiku tulikwenda na suti zetu, tukawa sisi peke yetu weusi kanisani. Mwanawe alipotuona alikuja moja kwa moja, akanishika mkono, na neno la kwanza aliloniambia, kabla ya ahsante, kabla ya pole, lilikuwa hili: "Wewe ndiye wa Station?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka na machozi yanamtoka, akasema yeye na baba yake walibishana miaka thelathini, kwa sababu yeye ni mtu wa Tippett. Tukakaa kwenye chumba cha chini cha kanisa, tukila wali wa jibini na mkate wa nyama, tukaendeleza ule ubishi mpaka akina mama wakaanza kukunja meza.

Nimesema wangu. Mwanangu wa fulana ya njano, ahsante, rudisha viti. Na mzee wangu pale nyuma, umekohoa muda mrefu. Njoo uchukue maikrofoni, utuambie habari za Tippett, na hawa vijana wakae wakusikilize kwanza kabla hawajakujibu.